Kasoro Nne, Alama Tisa: Uhakiki wa Gemu Si Hesabu ya Kutoa

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Kijana kasimama mbele ya kaunta, simu mkononi, anasoma uhakiki nilioandika mwenyewe, halafu ananigeuzia skrini. "Kaka, hapa umetaja kasoro nne. Chini umeweka 9. Nne hizi zimeenda wapi?" Nauza magemu na nayahakiki kwa Kiswahili, na katika kazi zote mbili hakuna swali nililolijibu mara nyingi kama hili. Naliandika leo, ili atakayeniuliza kesho nimpe asome.

Dhana: Kila gemu linaanza na 10, na kila kasoro inakata alama moja

Ukweli: hivyo ndivyo mwalimu anavyosahihisha imla. Neno limekosewa, alama imeondoka, tuendelee. Gemu halisahihishwi hivyo. Kasoro inapimwa uzito, na uzito wake unatokana na mahali ilipokaa. Iko kwenye kile unachokifanya kila dakika, au iko pembeni? Inakurudia, au umekutana nayo mara moja katika saa arobaini? Kuna njia ya kuikwepa? Na ikikupata inakufanya nini: unacheka, unapoteza dakika tano, au unapoteza kila ulichokijenga tangu mwezi uliopita?

Chukua eFootball 2022, gemu la mpira lililorithi PES, maana aliyelelewa na PES hawezi kuisahau. Konami, kampuni inayoyatengeneza, waliitoa bure tarehe 30 Septemba 2021 ikiwa na timu tisa tu. Picha zilizozagaa mitandaoni zilikuwa za nyuso: macho yamemtoka mchezaji, mdomo umekwenda upande. Hadi leo ukimuuliza mteja gemu lile liliharibika wapi, atakwambia sura. Mimi nasema sura ilikuwa kasoro nyepesi kuliko zote. Mechi ikichezwa kamera iko juu, mchezaji haonekani zaidi ya kidole, na sura unaiona goli likiingia. Kilichoua gemu ni pasi. Ulikuwa unabonyeza, mpira unaondoka kana kwamba uwanja umejaa maji, beki anafika kabla yake. Sura unaiona mara tatu kwenye mechi, pasi unapiga tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Konami wenyewe walipoomba radhi kesho yake, pamoja na mambo ya sura walitaja kasi ya pasi na uendeshaji wa ulinzi.

Sasa mpe anayehesabu. Sura, moja. Pasi, moja. Timu chache, moja. Kumi toa tatu, saba. Gemu la mpira ambalo pasi haifiki kwa mwenzako halina saba yoyote.

Na geuza upande wa pili. Zile PES za zamani tulizokesha nazo, Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC, kwa sababu haki za majina hazikuwa za Konami. Kila mhakiki aliiandika kasoro hiyo, mwaka baada ya mwaka, na alikuwa na haki ya kuiandika. Lakini ilikuwa kwenye ubao wa majina, haikuwa miguuni. Ukishaanza kucheza umeisahau.

Kuna pia kasoro moja peke yake inayozidi ishirini. Cyberpunk 2077 ilipotoka kwenye kompyuta Desemba 2020, faili la kuhifadhi ulipofikia likizidi ukubwa wa MB 8 liliharibika. Waliokusanya vitu vingi kwenye mkoba ndio walioumia, yaani wale waliolipenda gemu kuliko wengine. Sasisho la 1.06 liliondoa kikomo hicho, ila halikurudisha mafaili yaliyokwisha kuharibika. Kasoro ya namna hii siiweki mstari mmoja na "muziki unajirudia".

Kisha kuna zile ambazo wahakiki wenyewe hatukubaliani, na hapo maelezo yana thamani kuliko namba. Katika gemu la Breath of the Wild la mwaka 2017 silaha zinavunjika mkononi mwako baada ya mapigano machache. Mmoja anaandika kwamba ni kero, upanga mzuri anaogopa hata kuutumia. Mwingine anaandika kwamba bila hilo angeng'ang'ania upanga mmoja tangu mwanzo hadi mwisho na asingejaribu kitu kingine. Wote wameona kitu kilekile. Mhakiki anayestahili kusomwa ni yule anayekueleza kero ile inatoka wapi na inampata mchezaji wa aina gani, mpaka wewe msomaji ujitambue uko upande upi.

Nami nina wenzangu ninaopingana nao. Elden Ring ilipotoka Februari 2022, kwenye kompyuta ilikuwa inakwamakwama, hata mashine zenye nguvu. Walioipa 10 kamili ni wengi, na wengine walitaja kukwama huko kwa sentensi moja. Sikubali. Katika gemu ambalo unaishi au unakufa kwa kukwepa pigo ndani ya sehemu ya sekunde, picha kwenye skrini zikikwama hiyo si kasoro ya pembeni, iko kwenye moyo wa gemu lenyewe. Toleo la kompyuta lilistahili alama yake peke yake.

Mkosaji mkubwa wa dhana hii, kwa maoni yangu, ni ile orodha ya chini ya uhakiki yenye mazuri kushoto na mabaya kulia. Kila mstari una maandishi ya ukubwa uleule, basi jicho linaamini kila mstari una uzito uleule. Mimi nimeacha kuiweka. Ukiikuta kwingine, iruke, panda juu utafute aya ambayo mhakiki amekaa muda mrefu akilalamika. Anapokaa muda mrefu ndipo penye uzito.

Dhana: Gemu la alama 7 ni bovu

Hapana. Tovuti nyingi kubwa za Marekani zinatumia vipimo vya shule za kwao, ambako 70 ni C na chini ya 60 ni kufeli, ndiyo maana alama zao zimejazana juu. IGN wenyewe wanaiita 7 "nzuri". Gazeti la Edge la Uingereza limeshikilia kwa miaka kwamba 5 ni wastani wa kweli. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani wake, nao wanaweka rangi ya kijani kuanzia 75, kwa hiyo 74 inaonekana ya njano na watu wanakimbia, kwa tofauti ya alama moja. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania 70 ni B, na sijaona mzazi akimfukuza mtoto nyumbani kwa B. Soma jedwali la mhakiki unayemfuata, ujue 7 yake ina maana gani kwake.

Alama moja hiyo imewahi kugharimu watu pesa. Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 ilipata 84 Metacritic, na Chris Avellone wa Obsidian, studio iliyolitengeneza, alisema hadharani mwaka 2012 kwamba bonasi ya studio ilihitaji 85.

Dhana: Akisifu sana kalipwa

Shinikizo lipo, sikatai. Jeff Gerstmann alifukuzwa GameSpot Novemba 2007 baada ya kuipa 6 Kane & Lynch, gemu ambalo matangazo yake yalikuwa yamejaa kwenye tovuti hiyohiyo, na mwaka 2012 alisimulia mwenyewe ilivyokuwa. Lakini bahasha ya pesa si chanzo cha kawaida cha uhakiki kukosea. Chanzo cha kawaida ni mhakiki alionyeshwa nini. Cyberpunk kabla ya kutoka wahakiki waligawiwa toleo la kompyuta tu. Matoleo ya PS4 na Xbox One hawakuyaona, na ndiyo yaliyokuwa mabovu kiasi kwamba Sony waliliondoa gemu dukani kwao wiki moja baada ya kutoka. IGN waliipa 9 kwenye kompyuta, kisha wakatoa uhakiki wa pili wa mashine hizo za zamani na kuipa 4. Gemu lile lile. Kwa hiyo kabla hujauliza nani kamlipa, uliza alicheza kwenye mashine gani. Kama yako ni PS4 na yeye alicheza PS5, bado hujasoma uhakiki wa gemu lako.

Dhana: Kasoro za kiufundi zisihesabiwe, zitarekebishwa

Unayenunua leo unacheza leo. Cyberpunk ilipata sasisho la 2.0 Septemba 2023, karibu miaka mitatu baada ya kutoka, na kweli sasa ni gemu jingine. Aliyeinunua Desemba 2020 alilipa bei kamili. Upande wa mhakiki pia kuna mtego: tovuti ya Polygon walipohakiki SimCity mwaka 2013, gemu lililohitaji mtandao, walianza na 9.5, seva (kompyuta za kampuni zinazoliendesha mtandaoni) zikagoma baada ya gemu kutoka, wakashuka hadi 8, wakashuka hadi 4, kisha wakapanda hadi 6.5. Watu waliwacheka. Mimi naona walifanya vyema kukiri kwamba gemu la watu kumi kabla ya kutoka na gemu la umati siku ya kwanza ni vitu viwili.

Dhana: Mhakiki wa nje akisema halina kasoro, halina

Kwake. Baldur's Gate 3 inahitaji nafasi ya GB 150. Mhakiki mwenye intaneti isiyo na kikomo hawezi kuandika hilo kama kasoro, hata wazo halimjii. Wewe unayenunua bando unajua ni kiasi gani hicho. Gran Turismo 7 ilisifiwa sana ilipotoka Machi 2022, na sharti la kuwa mtandaoni hata unapocheza peke yako wengi waliligusa kwa juujuu. Karibu wiki mbili baadaye seva zikazimika kwa zaidi ya saa 30, na wenye diski mkononi hawakuweza kucheza sehemu kubwa ya gemu waliyoilipia. Kwa mtu ambaye mtandao unakatika kila jioni, hiyo ni kasoro ya kwanza kabisa, kabla ya picha na kabla ya magari.

Kwa hiyo kila anayekuja kwangu namwambia aangalie mambo matatu ambayo hayamo kwenye uhakiki wa Marekani: ukubwa wa faili pamoja na sasisho la siku ya kwanza, kama linachezeka bila mtandao, na masharti ya kurudishiwa pesa. Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, wanakurudishia ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Duka la PlayStation wanakupa siku 14 pia, lakini ukishaanza tu kulipakua, haki hiyo imekwisha, isipokuwa gemu lenyewe liwe bovu.