Bunduki ya gemu hairushi kitu: dhana potofu kuhusu TV na konsoli

Mdogo wangu alifukua sandukuni ile bunduki ya plastiki ya gemu ya bata, akaichomeka kwenye konsoli, ile mashine ya gemu, na konsoli akaiunga kwenye flati skrini ya sebuleni. Bata wakapita kundi baada ya kundi, hakuna aliyeanguka. Hukumu ikatoka palepale: bunduki imekufa. Nikamwambia bunduki ni nzima, kilichokosekana ni TV ya kichogo. Akaniangalia kama mtu anayetetea takataka.

Dhana: Bunduki inapiga mwale kwenye kioo.

Ni kinyume chake. Bunduki hairushi chochote, kazi yake ni kupokea. Ndani ya mtutu kuna lenzi na kihisio cha mwanga, basi. Kwenye Duck Hunt, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1984, ukifyatua tu, kioo chote kinakuwa cheusi kwa fremu moja, yaani picha moja kati ya zinazopita mfululizo, kisha pale alipo bata panawaka kisanduku cheupe. Mtutu ukiona giza halafu mwanga, umempata. Bata wakiwa wawili, visanduku vinawaka kwa zamu, na konsoli inajua aliyepigwa kwa kuangalia mwanga umeingia zamu ya nani. Kila fremu ni sehemu ya 60 ya sekunde. Ule mmweko tuliodhani ni mlipuko wa risasi ndiyo hesabu yenyewe ilikuwa ikifanyika mbele ya macho yetu.

Kichogo kiliweza mchezo huo kwa sababu hakikuwa na subira: ishara ikifika, mstari unachorwa hapohapo. Flati inaipokea picha, inaikuza ijae kioo, inairembaremba, ndipo inaionyesha. Ikichelewa milisekunde 50, kwenye taarifa ya habari huoni tofauti yoyote. Kwenye gemu hizo ni fremu tatu, na kisanduku cheupe kinawaka wakati konsoli imeshafunga daftari. Isitoshe, bunduki ya Nintendo ilitengenezwa isikilize mapigo ya haraka ya mwanga wa kichogo tu, ili ukiielekeza kwenye taa ya sebuleni usipate pointi za bure. Mwanga wa flati hauna mapigo hayo.

Dhana: Gemu za zamani zilikuwa na picha mbovu, flati imetufumbua macho tu.

Tazama maporomoko ya maji kwenye Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991. Kwenye flati ni mistari ya wima, mmoja wa maji, mmoja wazi, kama shati la mfungwa. Ila ukiunganisha Mega Drive, konsoli ya gemu hiyo, kwa ule waya wa njano kwenye kichogo, rangi zinavujiana na maji yanakuwa maji: unamwona Sonic akipita nyuma yake. Konsoli haikuwa na uwezo mkubwa wa kuonyesha kitu kinachopenya mwanga, kwa hiyo mchoraji alichora nusu akaiachia TV imalizie. Kuilaumu picha hiyo kwenye flati ni kuonja unga ukasema ugali ni mbaya.

Dhana: Gemu ni ileile, popote ilipouzwa.

TV za Japani na Marekani zilikwenda mapigo 60 kwa sekunde. Za Ulaya zilizotumia PAL, mfumo wa picha za TV uliotumika pia Kenya na Tanzania, zilikwenda 50. Watengenezaji wengi walihesabu mwendo kwa fremu, wala hawakujisumbua kurekebisha. Matokeo yake, Sonic huyohuyo wa kwanza alikimbia polepole kwa karibu asilimia 17 Ulaya, muziki nao ukijikokota, na juu na chini kukawa na pazia jeusi.

Dhana: Gemu inaua TV.

Hii ni ya wazazi wetu, na haikutoka hewani. Picha isiyosogea, ikikaa muda mrefu sana, huacha alama kwenye kioo. Mashine za kumbi za michezo zilizowasha Pac-Man mchana kutwa zilibaki na ramani yake hata zikiwa zimezimwa. Ndiyo maana gemu nyingi za konsoli ya Atari 2600 zilibadilisha rangi zenyewe ukiziacha bila kucheza. Ila saa mbili za jioni hazikuua kichogo cha mtu. Cha kuchekesha ni kwamba onyo hilo lina maana zaidi leo kwa mwenye TV ya OLED, flati ambayo kila kitone cha kioo kinajiwakia chenyewe, anayecheza gemu moja kila siku, mstari wa uhai ukiwa kona ileile.

Dhana: Konsoli ya HD inatoa picha ya HD.

Halo 3 ya mwaka 2007, gemu ya konsoli ya HD ya Xbox 360, ilichorwa kwa vitone 1152 kwa 640, chini ya mistari 720 ya HD, kisha ikakuzwa. Waliobaki na kichogo nao walikuwa na kilio chao: maandishi ya gemu ya Dead Rising, ya mwaka 2006, yalikuwa madogo kiasi kwamba hayasomeki.

Mdogo wangu nimemwashia hali ya gemu kwenye mipangilio ya TV. Kuchelewa kumepungua, pedi inaitika vizuri, bata bado hawafi. Jumamosi nikapita kwa fundi wa mtaani, akanionyesha kichogo cha inchi 14 kilichokaa chini ya meza miaka. Bei yake nikibebe mwenyewe.