Kibali cha zamani hakipandishi ghorofa

Kuna hii kauli imezunguka miaka na miaka, kwamba kama nyumba yako ilishapata kibali wakati inajengwa basi kuongeza ghorofa juu ni kazi ya fundi tu, si kiwanja ni chako bwana. Hapana jamani. Kibali kilitolewa kwa ramani ile iliyopelekwa, yaani nyumba ya chini, na ghorofa ni mzigo mpya kabisa ambao hakuna mtu aliyeukagua.

Chukua chumba kimoja tu cha mita 3 kwa 4. Slabu ya zege ya sentimita 15 juu yake ina uzito wa zaidi ya tani 4, na hapo bado hujaweka kuta, paa, vitanda wala watu, na huo mzigo wote unashuka kwenye kuta za chini, unafika kwenye msingi, halafu udongo. Ndo maana kwa kawaida wanaotoa kibali wanataka ramani mpya na hesabu za injinia, na mara nyingine inabidi kuchimba pembeni ya msingi waone upana wake na kina chake, maana kwa macho huwezi kujua.

Na ile ya "nguzo zimeachwa na nondo zimechomoza juu, so iko tayari"? Nondo zinaonyesha mtu alikuwa na nia ya kupanda, ila hazisemi chini kuna nini, na zikikaa mvuani miaka zinaliwa na kutu.

Ombeni kibali kabla hata paa halijafumuliwa.