Saratani ya utumbo inayojificha ukutani

Kijana wa Tukuyu au Makambako akitoka damu chooni, mara nyingi huanzishiwa dawa ya amiba, kisha ya bawasiri. Wengi hupona, kwa sababu kweli ndicho walichokuwa nacho. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye damu inarudi, uzito unashuka, tumbo linasokota, na bado anaambiwa yeye ni mdogo mno kuwa na saratani.

Ipo saratani ya utumbo mpana ambayo huwapata zaidi watu wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wengine wa utumbo. Ni adimu, takriban 1 katika kila saratani 100 za utumbo mpana. Kwenye hadubini, seli zake zimejaa ute hadi kiini kinasukumwa pembeni, nazo zinafanana na pete yenye kito. Zikizidi nusu ya uvimbe, sisi wa maabara tunaandika kwenye majibu: saratani ya seli za pete.

Seli za utumbo hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini. Seli za pete mara nyingi zimepungukiwa nayo, hivyo hutambaa mojamoja ndani ya ukuta wa utumbo, badala ya kuota uvimbe unaoonekana. Ukuta unakakamaa huku utando wa ndani ukionekana karibu mzima. Ndiyo maana kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwa kipimo, kikiwa cha juujuu kinaweza kurudisha jibu la uongo kwamba hakuna saratani, na ndiyo maana wengi hugundulika ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye tezi za limfu na utando wa tumbo.

Baadhi ya saratani hizi hutokana na hitilafu katika jeni za kurekebisha makosa ya DNA: MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2. Hitilafu ikiwa ya kurithi, huitwa sindromu ya Lynch, na kila mtoto wa mwenye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Kulijua hilo kunabadilisha tiba, maana uvimbe wa aina hii unaweza kuitikia vizuri dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Ndugu nao wapimwe mapema.

Kwa hiyo, daktari mwenzangu, chukua vinyama kadhaa, uvitie mara moja kwenye fomalini (dawa ya kuvihifadhi) ya asilimia 10, na uandike umri. Nawe mgonjwa, ukiulizwa habari za ukoo, mtaje hata shangazi aliyeugua saratani ya mji wa mimba. Hitilafu za jeni hizohizo huweza kuileta nayo.