Tezi ndogo kando ya figo, kazi kubwa ya protini

Mbuzi akishachinjwa hapa Lamu, pekua mafuta yaliyozunguka figo. Utakuta kitezi kama haragwe. Ukikikata katikati, ganda na kiini chake vina rangi tofauti. Hiyo ni tezi ya adrenali, na kila upande una yake. Swali huulizwa: tezi hizi zikiondolewa, utengenezaji wa protini mwilini hupanda au hushuka?

Mwaka 1856 daktari mtafiti Brown-Séquard aliwaondolea wanyama wa maabara tezi zote mbili, wakafa. Baadaye ilibainika kwamba panya walioondolewa tezi huishi muda mrefu zaidi wakinyweshwa maji ya chumvi, kwa sababu homoni ya kuzuia chumvi isipotee kwenye mkojo imekosekana. Kwa kuwa sasa wanyama hao waliishi, watafiti walipata nafasi ya kuchunguza protini.

Ganda la tezi hutoa pia homoni za jamii ya kotisoli. Mnyama akiwa na njaa, homoni hizi huiamuru misuli ivunje protini zake, asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, ziingie kwenye damu. Ini huzipokea na kuzigeuza sukari, na kwa kazi hiyo hutengeneza vimeng'enya vipya, yaani vichocheo vya kazi za kikemia mwilini, ambavyo vyenyewe ni protini. Kwa hiyo homoni ileile hubomoa huku na kujenga kule.

Tezi zikiondolewa, mnyama anayekula vizuri na kupata chumvi huweza kuonekana mzima. Mnyime chakula uone: misuli haitoi asidi amino za kutosha, naitrojeni kwenye mkojo, ambayo ni mabaki ya protini iliyovunjwa, hupungua, akiba ya sukari kwenye ini huisha, na sukari ya damu huporomoka. Tezi ya thaimasi, iliyo kifuani, yenyewe hunenepa, maana kotisoli ndiyo iliyokuwa ikiisinyaza. Basi anayeuliza kama utengenezaji wa protini hupanda au hushuka, naye aulizwe: kiungo kipi, na mnyama ameshiba au ana njaa?

Jambo hili linawagusa wenye punda wabebao mchanga na mawe mitaani. Sindano za deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, zikichomwa mfululizo kwa muda mrefu, tezi hulala na kusinyaa. Zikikatizwa ghafla, punda hubaki kama aliyeondolewa tezi: mnyonge, hataki kula, na homa ndogo tu yaweza kumwangusha. Inanisikitisha, kwa sababu linazuilika. Kama wako ameshachomwa kwa wiki kadhaa, usiongeze wala usikatize mwenyewe. Mwite daktari wa mifugo apange kupunguza kidogo kidogo, na umwonyeshe chupa ya dawa, hata ikiwa tupu.