Je, wajua kwa nini Kihindi kina njia nne za kuuliza "una…?"

Una ufunguo? Una kaka? Una homa? Kwa Kiswahili maswali yote matatu yanabebwa na "kuwa na". Kihindi hakina kitenzi cha namna hiyo. Kina hai tu, neno linalofanya kazi ya "ni" na pia ya "kuna" au "iko", na halafu kina vipande vifupi vinavyokaa nyuma ya jina la mwenye kitu. Vipande hivyo ni vinne: ke paas (के पास), kaa (का), ko (को) na mein (में). Ufunguo unataka cha kwanza, kaka anataka cha pili, homa inataka cha tatu.

Anayeanza kujifunza asipolijua hilo, huokota maneno matatu kwenye kamusi, main (mimi), kitaab (kitabu) na huun (umbo la hai linalokwenda na "mimi"), akasema Main kitaab huun. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja. Ila maana yake ni "Mimi ni kitabu".

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu maandishi. Irabu zilizoandikwa mara mbili ni ndefu. N ya mwisho katika hain (wingi wa hai), haan (ndiyo) na nahiin (hapana) hutoka puani. Bh, kh na chh ni sauti moja moja zenye pumzi, na kh hii si ile ya "kheri". Na Kihindi tunachozungumzia ni lugha ya Delhi na kaskazini ya India. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki nyumbani husema Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi, ingawa anayejua mere paas hatapata shida na mari pase ya Kigujarati.

Mere paas, yaani main na ke paas zikiungana, ndiyo ya kuanza nayo. Paas ni "karibu, ubavuni", na kweli asili yake ni neno la Kisanskriti pārśva, ubavu. Mere paas kitaab hai ni "karibu yangu kuna kitabu", yaani nina kitabu. Hutumika kwa vitu unavyoweza kushika, kuhamisha, kununua au kuuza: pesa, simu, dawa, tiketi, gari, hata ng'ombe. Muda na kazi ya ajira navyo vinaingia humu. Kwa watu wengine unabadilisha kichwa tu: aapke paas (wewe, kwa heshima), tumhaare paas (wewe, kwa rafiki au mdogo wako), uske paas (yeye), unke paas (wao, au yeye mmoja anayeheshimiwa), hamaare paas (sisi). Kwa mtu usiyemfahamu tumia aap daima.

Kufanya swali ni rahisi: weka kyaa mwanzoni, mahali pale pale tunapoweka "je". Kyaa aapke paas davaa hai? Je, una dawa? Lakini kyaa hiyo hiyo ikisogezwa karibu na kitenzi inageuka "nini": Aapke paas kyaa hai? Una nini? Kwenye mazungumzo watu wengi huiacha kyaa ya mwanzo na kupandisha sauti mwishoni, kama sisi tunavyoiacha "je". Kwa mwenye duka: Aapke paas chhutte hain? Una chenji? Jibu ni Haan, hain au Nahiin hain. Ukitaka adabu zaidi, tanguliza jii: jii haan, jii nahiin.

Zingatia mpangilio wa maneno. Mwenye kitu, kisha kitu, kisha kitenzi. Ukikitanguliza kitu, maana inahama: Mere paas kitaab hai ni "nina kitabu", lakini Kitaab mere paas hai ni "kile kitabu kiko kwangu".

Sasa ndugu. Kaka, dada, mtoto, viungo vya mwili, mara nyingi nyumba na ardhi pia, havikai "karibu" nawe. Ni vyako kabisa. Hapa huja kaa, na hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu kaa inafanya kazi ile ile ya -a yetu katika "kiti cha mtoto", "nyumba ya mtoto". Inapatana na kinachomilikiwa, haipatani na mwenyewe. Tofauti ni mbili tu: mwenyewe hutangulia, na ngeli za Kihindi ni jinsia mbili, kiume na kike. Kaa ni ya kiume umoja, ke ya kiume wingi, kii ya kike umoja na wingi. Ikiungana na main huwa meraa, mere, merii. Kwa hiyo Meraa ek bhaaii hai (nina kaka mmoja), Mere do bhaaii hain (nina kaka wawili), Merii ek bahan hai (nina dada mmoja). Mwanamke na mwanamume wote husema meraa bhaaii. Jinsia ya msemaji haina kazi hapa. Anayeheshimiwa hupewa wingi hata akiwa mmoja, ndiyo maana baba yako ni mere pitaajii, si meraa.

Kuuliza idadi ni kitnaa, inayopatana na nomino kama "-ngapi": Aapke kitne bachche hain? Una watoto wangapi? Aapkii kitnii bahanen hain? Una dada wangapi? Kwenye baadhi ya vitabu utakuta Raam ke ek betii hai, "Raam ana binti mmoja", wakati kanuni ingedai kii. Matumizi hayo yapo, ke isiyobadilika kwa jamaa. Anayeanza abaki na upatanisho wa kawaida.

"Una mtoto?" ya Kiswahili inaweza kumaanisha umezaa, au mtoto uko naye sasa hivi. Kihindi kinakulazimisha uchague. Aapke bachche hain? inauliza kama una watoto katika maisha yako. Bachchaa aapke paas hai? inauliza kama mtoto yuko nawe hapo, na inamfaa anayemtafuta mtoto kwenye umati. Wapenzi wa filamu za Kihindi wana mfano tayari: katika Deewaar ya mwaka 1975, ndugu mmoja anajitapa kwa mali, na mwenzake anamjibu Mere paas maa hai. Kwa sarufi ya kawaida mama ni merii maa, wa kaa. Kumpa paas ni kumtaja pale pale walipotajwa gari na akaunti ya benki, na wakati huo huo kusema kwamba mama yuko upande wangu. Uzito wa jibu uko hapo.

Ugonjwa na hisia hukujia, kwa hiyo hupewa ko, "kwa". Mimi ko hufupishwa kuwa mujhe. Yeye huwa use. Aap hubaki aapko. Anayekwenda India kwa matibabu atasikia sana Aapko bukhaar hai? (una homa?), Khaansii hai? (una kikohozi?), Aapko shugar hai? (una sukari?), na Kitne din se? (tangu siku ngapi?). Jibu: Mujhe tiin din se bukhaar hai, nina homa siku ya tatu sasa. Mjini Mumbai mujhe mara nyingi hugeuka mere ko, usishtuke. Njaa na kiu huchukua kitenzi kingine: Mujhe bhuukh lagii hai, njaa imenishika. Na Mujhe yaqiin hai, nina yakini, haihitaji hata kamusi.

Maumivu, hata hivyo, hukaa ndani ya kiungo: Mere sir mein dard hai, "ndani ya kichwa changu kuna maumivu". Hiyo ndiyo mein, na hutumika pia kwa sehemu za kitu na sifa za mtu: Is kamre mein do khirkiyaan hain, chumba hiki kina madirisha mawili.

Kinachowaangusha wengi ni kwamba nomino hubadilika mbele ya vipande hivi vyote. Larkaa (mvulana) huwa larke ke paas, kamraa huwa kamre mein. Larkii (msichana) haibadiliki, wala pitaa na chaachaa. Kaun (nani) huwa kis, na hapo hupatikana jozi muhimu. Chaabii kiskii hai? ni "ufunguo ni wa nani?" Chaabii kiske paas hai? ni "ufunguo uko kwa nani?" Kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni unataka la pili.

Kwa wakati uliopita, hai hupisha thaa, the, thii au thiin, na kinachoamua ni kitu, si mwenye nacho. "Nilikuwa na pesa" ni Mere paas paise the; "nilikuwa na gari" ni Mere paas gaarii thii, awe anayesema ni mwanamume au mwanamke.