93 ya Marekani si ndogo kuliko 95 yetu: kuhusu kutyuni kompyuta ya injini

Kijana mmoja alitufikia karakana ya chuo, hapa Nairobi, akiwa ndani ya bredauni na Subaru Impreza WRX yake imefungwa nyuma. Aliinunua ikiwa nzima. Akabadilisha ekzosi, kisha akanunua mtandaoni faili la kompyuta ya injini lililotengenezwa Marekani. Jina la faili lilikuwa na namba 93, yaani oktani ya petroli liliyoandikiwa. "Mwalimu, mimi naweka petroli ya 95," akaniambia, "nilijua nina akiba ya mbili." Tulipopima mgandamizo, yaani silinda inaibana hewa kwa nguvu gani, silinda tatu zilisoma kati ya psi 125 na 130 (psi ni kipimo cha shinikizo), ambayo kwa mwinuko wa Nairobi ni afya nzuri. Ya nne ilisoma 70. Tulipofungua injini tukakuta ule ukuta mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili umekatika.

Nimefundisha umeme na elektroniki za magari kwa muda mrefu, na kosa hili nimelikuta kwa watu wenye akili timamu na wanaopenda magari yao kwa dhati. Ndiyo maana naanza na namba hizo mbili kabla ya lolote.

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili joto na mgandamizo bila kujiwasha yenyewe. Hupimwa kwa injini maalumu ya maabara, na kwa njia mbili. Njia ya kwanza, RON, huendesha injini hiyo kwa mizunguko 600 kwa dakika. Ya pili, MON, huiendesha kwa mizunguko 900 huku mchanganyiko unaoingia ukiwa umepashwa moto hadi nyuzi 149 za Selsiasi. Mtihani wa pili ni mgumu, kwa hiyo petroli ileile hupata namba ndogo zaidi. Ulaya, Japani na Afrika Mashariki tunaitaja petroli kwa RON. Marekani wanachukua RON na MON, wanazijumlisha, wanagawanya kwa mbili, na jibu hilo ndilo linaloandikwa kwenye pampu.

Sasa piga hesabu. Petroli yenye RON 98 na MON 88 Mmarekani anaiita 93. Petroli yenye RON 95 na MON 85 anaiita 90. Kijana wetu aliamini ana akiba ya mbili, kumbe alikuwa amepungukiwa na tatu. Faili liliiagiza injini iwashe cheche mapema na kuongeza busti, hewa ambayo tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi) huisukuma ndani ya injini, kana kwamba tangi lina petroli ambayo haikuwamo.

Na gari lenyewe halikutoka kiwandani likiitegemea petroli yetu. WRX za soko la Japani ziliandikiwa petroli ya daraja la juu ya kwao. Viwango vya Japani vinataka petroli hiyo isipungue oktani 96, na inayouzwa vituoni huko kwa kawaida hukaribia 100. Kwa hiyo hata kabla hujagusa chochote, Subaru iliyoshushwa Mombasa wiki hii tayari inakunywa petroli dhaifu kuliko ile iliyozoea.

Kompyuta inafanya nini

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 200 kila sekunde. Kwa kila cheche, kompyuta huamua mambo mawili: petroli kiasi gani, na cheche iruke lini. Kwenye gari la tabo huamua pia busti, yaani tabo isukume hewa kwa nguvu gani. Majibu hayo haiyabuni papo hapo. Inayasoma kwenye majedwali tunayoyaita ramani: upande mmoja mizunguko ya injini, upande wa pili mzigo, yaani injini inafanyishwa kazi kiasi gani, na pale vinapokutana kuna namba. Kutyuni ni kubadilisha namba hizo.

Kuhusu petroli sitakawia. Gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili vyote viungue bila kubaki. Injini ya tabo ikibanwa kabisa hupewa petroli nyingi kuliko hiyo, kama gramu moja kwa 11 au 12 za hewa, kwa sababu ziada hiyo hupoza chumba cha mwako. Fundi anayepunguza petroli ili apate nguvu anaazima kutoka kwenye uhai wa pistoni na vali.

Cheche ndiyo yenye hatari kubwa. Moto huchukua muda kusambaa, kwa hiyo cheche huruka kabla pistoni haijafika juu, ili msukumo mkubwa uikute ikianza kushuka. Ukiiwahisha kidogo, nguvu huongezeka. Ukiizidisha, mchanganyiko ambao moto haujaufikia hubanwa na kupashwa mpaka ujilipue wenyewe. Huko ndiko kugonga. Kwa sikio ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, lakini injini ikiwa kasini na ekzosi ikinguruma hutasikia kitu. Kijana wetu hakusikia. Kila pigo lilikuwa nyundo juu ya pistoni, na pistoni za WRX nyingi ni za kumiminwa, si za kufuliwa; haziwezi kuvumilia nyundo hiyo kwa muda mrefu.

Subaru waliliona jambo hili wakaiwekea injini sensa ya kugonga, iliyofungwa kwenye bloku, na kompyuta zao za miaka ya 2000 zina kitu ambacho natamani kila mwenye gari akijue. Kompyuta huipa petroli yako alama. Kwenye matoleo mengine alama ya juu ni 16, mengine ni 1. Ikisikia injini inagonga, inachelewesha cheche, na kugonga kukiendelea inashusha alama na kuichelewesha cheche kwenye ramani nzima. Kifaa cha bei ya kadiri kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi, pamoja na programu inayofaa, kinaisoma alama hiyo kwa dakika chache.

Kabla ya kununua Subaru ya tabo iliyotumika, isome. Alama ikiwa imeshuka, injini imekuwa ikigonga na inakwambia hivyo. Kuna hila moja ya kujihadhari nayo: kuchomoa betri hufuta yote ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza. Ukisoma ukakuta kila kitu kimerudi mwanzo, omba uendeshe gari kwa muda wa kutosha, ukipanda na mlima, kisha usome tena. Muuzaji mkweli hatakukatalia.

Mombasa na Nairobi si hewa moja

Hapa ndipo mafaili ya kununua yanapokosea zaidi kwetu, na ni jambo ambalo mwandishi wa faili aliye ng'ambo hawezi kukufikiria. Ufukweni shinikizo la hewa ni kama bar 1.01. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni takriban bar 0.83. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu ile ile ya nguvu zake, kwa hiyo anayelalamika kwamba gari lake lilikuwa na kasi Mombasa hajaota.

Tabo huficha upungufu huo, na kuuficha kuna gharama. Tuseme ramani inadai shinikizo la bar 2.2, ikihesabiwa pamoja na shinikizo la hewa ya nje, ndani ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda. Mombasa tabo inatakiwa kulikuza shinikizo la hewa mara 2.2 hivi. Nairobi, kupata bar hizohizo 2.2, inatakiwa kulikuza mara 2.65. Itazunguka kwa kasi zaidi na hewa itatoka ikiwa ya moto zaidi, na hewa ya moto inakaribisha kugonga. Gari moja, petroli moja, faili moja: pwani linasalimika, Limuru linavunja pistoni. Wanaoishi nyanda za juu wanapaswa kushusha busti inayodaiwa mwinuko unapoongezeka, na kompyuta ina jedwali lake la kufanya hivyo. Mafaili mengi niliyoyafungua yamelijaza jedwali hilo kwa namba za watu wanaoishi tambarare.

Mapenzi yetu kwa gari hili nayaelewa. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda tena mwaka 2000, na watoto waliosimama kando ya barabara ile vumbi likiwafunika ndio wateja wangu leo. Lakini magari yale yalitayarishwa na watu waliokuja na vipimo vyao, wakayapima kwenye mwinuko wetu na joto letu.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Fundi anayejua kazi hataanza na kompyuta. Ataanza na mgandamizo wa kila silinda, mivujo ya hewa kwenye mipira ya tabo, plagi, pampu ya petroli, injekta. Ukitia ramani nzuri kwenye injini mbovu umeharakisha tu mwisho wake. Siku tuliyompima kijana yule, mpira mmoja wa kuingiza hewa ulikuwa na ufa wa urefu wa kucha. Hata faili sahihi lisingemfaa.

Kisha atasoma faili la kiwandani na kulihifadhi. Usikubali kazi ianze bila hilo. Atafunga sensa pana ya lambda kwenye ekzosi, inayopima mchanganyiko kwa usahihi ambao sensa nyingi za kiwandani za zamani hazifikii. Gari litapanda kwenye daino, mashine yenye rola inayopima nguvu za magurudumu, na feni kubwa mbele yake. Kwanza hurekebishwa kipimo cha hewa, maana kompyuta ikidanganywa kuhusu hewa, kila kinachofuata ni uongo. Halafu busti, hatua kwa hatua. Cheche huja mwisho: digrii moja, pima, soma kumbukumbu, digrii nyingine. Mafundi wazuri huvaa vipokea sauti vilivyounganishwa na kinasa kwenye bloku, wakisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Nguvu ikiacha kupanda, husimama hata kama injini haijagonga. Ikigonga kabla ya hapo, hurudi nyuma na kuacha nafasi kwa ajili ya siku ya joto kali na petroli mbaya.

Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, mara nyingine siku mbili. Anayekwambia dakika ishirini anamimina faili. Na kuhusu namba ya nguvu za farasi: daino mbili tofauti mara nyingi hazikubaliani, kwa hiyo linganisha gari lako kabla na baada kwenye mashine moja, siku moja, kisha achana na ya jirani.

Gari lisilo na tabo, kusema kweli, hupata kidogo sana kwa kubadilisha namba peke yake. Fedha hiyo iweke kwenye matairi na breki.

Nimeombwa mara nyingi kuzima sensa za masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, ili masega yaondolewe. Nakataa. Marekani sheria ya hewa safi inakataza kuyaharibu, na shirika lao la mazingira, EPA, limetoza faini wauzaji wa vifaa vya kuyazima. Kwetu watoto wanaouza maji kwenye foleni wanapumua moshi huo huo, na kwangu hiyo ni sababu ya kutosha. Na ukishatyuni, iambie kampuni yako ya bima kwa maandishi. Dai linaweza kukwama kwa sababu ya badiliko ambalo hukulitaja.

Kijana alirudi baada ya miezi minne, injini imejengwa upya, safari hii kwa pistoni za kufuliwa. Tulianza na faili la kiwandani. Ramani ya mwisho ina busti ndogo kuliko ile ya faili alilonunua, na cheche imecheleweshwa kwa digrii kadhaa pale mzigo unapokuwa mkubwa. Tulimwagiza ajaze tangi kituo anachojaza siku zote, apande Limuru, ateremke hadi Naivasha, apande tena, huku kifaa kikirekodi. Alinitumia kumbukumbu usiku huo. Alama ya petroli ilikuwa 16 kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho.