Trekta Dogo Jipya Shambani: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Ekari ya Kwanza

Vuli inakaribia, na kama ilivyo kila msimu, matrekta madogo mapya yanateremshwa hapa mkoani Tanga: Muheza, Korogwe, Handeni na Mkinga. Ni jambo jema. Mwenye ekari kumi za michungwa au ishirini za mahindi hana sababu ya kungoja trekta kubwa la kukodi lizunguke kwa wengine wote, likifika kwake mvua imeshapita. Ila malalamiko nayo yanaongezeka: injini imeishiwa nguvu, plau halizami, muuzaji amekataa dhamana, trafiki amelizuia Segera. Mengi kati ya hayo tukiyafuatilia tunakuta chanzo chake ni wiki mbili tatu za mwanzo, kabla mwenye trekta hajajua amenunua nini. Maelezo haya yanahusu matrekta ya nguvu farasi 20 hadi 50. Ofisi yetu ya zana za kilimo haipendekezi kampuni wala muuzaji yeyote.

Tuanze na karatasi, maana ndiko wengi wanakojikwaa.

Trekta ni chombo cha moto na linasajiliwa mamlaka ya mapato, TRA, kama gari. Mnunuzi awe na namba ya mlipakodi, yaani TIN, na ili upate TIN lazima uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Trekta jipya kwa kawaida muuzaji ndiye anayeshughulikia usajili, lakini kusoma kadi ni kazi yako wewe. Kabla ya kulipokea, shika kadi mkononi, nenda kwenye trekta lenyewe, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi, kisha ufanye vivyo hivyo kwa namba ya injini. Tarakimu moja ikitofautiana, usilipokee. Hata ukiambiwa ni kosa la uchapaji, mwache muuzaji alirekebishe kwanza. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lako na bei uliyolipa kweli. Kutodai risiti ni kosa kwa mnunuzi pia, si kwa muuzaji peke yake, na siku utakapodai dhamana hiyo risiti ndiyo itakayoonyesha tarehe ya kununua.

Aliyenunua trekta lililotumika kwa jirani asikilize vizuri. Mkataba mlioandikishiana mbele ya mwenyekiti wa kijiji unathibitisha kwamba mmeuziana, lakini hauhamishi umiliki. Umiliki unahamishwa TRA kwa mkataba wa mauzo, kadi halisi, utambulisho wa pande zote mbili na malipo ya ada na ushuru wa stempu. Mpaka hapo, chombo bado ni cha mwenye jina kwenye kadi. Akiwa na deni, trekta linaweza kukamatwa likiwa zizini kwako. Likimgonga mtu, atakayetafutwa kwanza ni yeye, na hapo ndipo majirani wanapofikishana mahakamani.

Sasa hili la "trekta la shambani halihitaji namba wala bima". Linasemwa sana, na si kweli. Trekta lako likitoka nyumbani kwenda shambani kwa kupita barabara ya umma, hata kwa mita mia mbili, hata kama ni ya vumbi, sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, inataka liwe na bima angalau ya mtu wa tatu. Namba zionekane, taa ziwake, breki zishike, na dereva awe na leseni yenye daraja linaloruhusu trekta. Kijana mwenye leseni ya bodaboda hajaruhusiwa kuendesha trekta, hata akiwa hodari kiasi gani. Faini ya papo kwa papo ya usalama barabarani inatozwa kwa kila kosa, na kwa kila kosa maana yake ni hiyo hiyo: namba haipo ni kosa, bima haipo ni kosa lingine, taa ya nyuma haiwaki ni la tatu. Utapewa karatasi yenye namba ya malipo, ulipe benki au kwa simu, usimpe mtu fedha mkononi. Ukichelewa, deni linabaki kwenye namba ya chombo chako. Na hayo ni ya siku njema. Ukimgonga mtu bila bima, matibabu na fidia vitatoka mfukoni mwako, na kesi ya jinai inaendelea palepale.

Wengine wananunua trekta kwa ajili ya kufungua shamba jipya. Kukata miti kunahitaji kibali, anza kwa ofisa misitu wa wilaya. Mikoko haiguswi. Na kando ya Zigi, Pangani, Mkulumuzi au mto mwingine wowote, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Trekta linafika mahali ambapo jembe la mkono lilikuwa likichoka, ndiyo maana tunawasisitizia wenye matrekta hasa. Maji ya Zigi ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Udongo unaoutifua ukingoni unaishia bwawani Mabayani.

Baada ya karatasi, mita ya saa. Iko mbele ya dereva, na inahesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Andika inasoma ngapi siku unalipokea. Saa 50 za mwanzo ni za injini na gia kuzoeana. Pete za pistoni zinakaa sawa kwenye silinda, meno ya gia yanasuguana, na vumbi la chuma linatoka na kuingia kwenye oili. Kwa sababu hiyo, matrekta mengi ya aina hii yanatakiwa kubadilishwa oili ya injini na chujio lake kwenye saa ya 50, mengine pamoja na chujio la haidroliki. Kitabu cha trekta lako ndicho chenye neno la mwisho. Baada ya hapo vipindi vinarefuka, lakini hiyo ya kwanza haisogezwi.

Watu wakisikia saa 50 wanafikiri ni miezi. Kwa anayelima shamba lake tu, huenda ikawa hivyo. Lakini wengi wakishalipata trekta wanaanza kulikodisha kijijini siku inayofuata, saa nane kwa siku, na kwa mwendo huo saa 50 zinaisha ndani ya wiki moja. Mwezi mmoja baadaye trekta lina saa 200 na bado lina oili ya kiwandani, nyeusi kama lami. Linapoanza kutoa moshi, mwenyewe anakuja na maneno yale yale: "Bwana shamba, wameniuzia bovu." Trekta halikuwa bovu. Na muuzaji akikataa dhamana kwa sababu huduma ya saa 50 haikufanywa, hatuna la kumlazimisha.

Katika saa hizo, lipe trekta kazi ya wastani na ubadilishebadilishe mzigo. Usilisukume hadi injini ilalamike. Usiliache pia likinguruma bila mzigo nusu siku, wengine hufanya hivyo wakidhani wanalitunza, kumbe pete hazikai sawa. Jioni ya siku ya kwanza kaza nati za magurudumu, na uzikague tena kila siku wiki ile. Kila asubuhi tazama oili, maji ya rejeta na sehemu za kuwekea grisi. Rejeta lisafishwe makapi na nyasi, na kwa Handeni na Kilindi kwenye vumbi jingi, chujio la hewa liangaliwe hata mara mbili kwa siku. Usiligonge kwenye tairi kulisafisha, linachanika na vumbi linapita moja kwa moja hadi kwenye silinda.

Dizeli ya kwenye madumu ndiyo adui asiyeonekana. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanatuama chini. Dumu lilale usiku mzima bila kuguswa, kisha umimine ya juu kwa kuchuja, ya chini kabisa uiache. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula lisitumike kabisa. Huku pwani hewa ina unyevu, tangi lililo nusu tupu usiku linajitengenezea maji ya kwake, hivyo jaza jioni baada ya kazi. Wenye mashamba karibu na bahari, Kigombe, Pangani, Moa, walioshe trekta kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara na kupaka grisi, chumvi inakula chuma hata penye rangi.

Kuhusu plau. Watu wa Tanga wamekulia karibu na mashamba ya mkonge, wameona matrekta makubwa yakiburuta sahani nyingi, na wanataka dogo lifanye vilevile. Kadirio la kawaida la mafundi ni nguvu farasi 15 hadi 20 kwa kila sahani, kutegemea udongo. Trekta la nguvu farasi 28 halivuti plau la sahani tatu kwenye udongo mzito wa bonde la Mombo. Litateleza, litakula klachi, na wewe utaongeza mafuta bure. Sahani moja au rotavata ndogo (zana inayozunguka kutifua udongo) inayolingana nalo itafanya kazi safi. Pale Mkinga na Pangani ambapo mawe ya matumbawe yako karibu na uso wa ardhi, tembea shambani kwa miguu kwanza na uweke alama. Zana nyingi zina pini iliyotengenezwa ikatike zinapogonga jiwe. Ikikatika, weka nyingine ya aina ileile. Ukiweka kipande cha nondo, kitakachokatika mara nyingine ni giaboksi.

Yaliyobaki ni ya uhai wa mtu, na hapa naomba nisikilizwe.

Trekta dogo linapinduka. Linapinduka kirahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ni jembamba na uzito wake uko juu. Upinde wa chuma nyuma ya kiti umewekwa ubaki wima, na mkanda unafungwa upinde ukiwa wima. Upinde ukiulaza ili upite chini ya michungwa, usifunge mkanda kwa muda huo, na ukitoka bustanini uunyanyue tena na ufunge. Kuukata upinde kwa sababu unagonga matawi, jambo ambalo limefanyika katika mkoa huu, ni kujitoa mhanga. Punguza matawi.

Kitu unachokikokota, gogo, kisiki cha mnazi au gari lililokwama, kifungwe kwenye chuma cha kukokotea kilicho chini nyuma. Kisifungwe kwenye ekseli wala kwenye mkono wa juu wa haidroliki. Ukifunga juu na mzigo ukagoma, magurudumu ya nyuma yanashika ardhi na trekta lenyewe ndilo linalozunguka, pua inanyanyuka na kukugeukia mgongoni. Inachukua chini ya sekunde moja na nusu. Hakuna dereva mwepesi wa kuruka kwa muda huo.

Kwenye mteremko, Lushoto, Bumbuli, miinuko ya Amani, kuna mgongano ambao lazima tuuseme wazi. Sisi wenyewe wa kilimo tunawaambia mlime kwa kukinga mteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Usalama wa trekta unasema kinyume: kupita kwa ubavu kwenye mteremko mkali ndiko kunakopindua. Hakuna ujanja wa kuyapatanisha hayo mawili. Mteremko ambao trekta haliwezi kuukinga kwa usalama si wa trekta, ni wa matuta na jembe la mkono. Kulima kutoka juu kwenda chini ili kuokoa trekta ni kuupeleka udongo wako bondeni kwa jirani. Unaposhuka kilima, weka gia ya chini kabla hujaanza kushuka, usiweke huru. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja ukiwa barabarani.

Shafti ya nyuma inayozungusha zana, PTO, kwa kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ncha ya kanga, mtandio, kikoi au koti la mvua ikishikwa, mwili unafuata kabla hujatamka neno. Kifuniko cha plastiki kinachoizunguka kisitolewe. Zana ikikwama, zima PTO, zima injini, chomoa ufunguo, ndipo ushuke. Kinamama wanaofuata nyuma kuokota majani au viazi wasisogee shafti ikizunguka, na anayepaswa kuwaambia ni dereva.

Trekta lina kiti kimoja. Mtoto hakai kwenye bawa la gurudumu, hata baba yake akiwa ndiye dereva, hata kama ni mwendo wa kutoka shambani hadi nyumbani. Watu wazima hawapandi juu ya haro, zana ya kuvunja mabonge ya udongo, ili kuongeza uzito. Hili tunalisema kila msimu, na kila msimu bado tunayaona.

Kazi ya kupima ubora wa zana ni ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama aina ya trekta anayokuuzia imepimwa, na uombe kuona taarifa. Muulize pia vipuri vinapatikana wapi na fundi wake yuko umbali gani. Mwenye malalamiko dhidi ya muuzaji aanze kwa barua kwake, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na akikosa jibu anaweza kulifikisha suala Tume ya Ushindani. Anayekuja ofisini kwetu kwenye halmashauri aje na kadi ya usajili, risiti ya EFD, kitabu cha huduma kilichosainiwa na fundi, na picha ya mita ya saa.